Jina la Maharage Lije Mwisho: Kutunza na Kuchavusha Mbegu Zako Mwenyewe

Maharage ya kawaida hujichavusha yenyewe, kwa kuwa chavua (unga wa kiume wa ua) huifikia stigma (ncha ya kike inayoipokea) kabla ua halijafunguka au mara tu linapofunguka. Ndiyo sababu mkulima anaweza kutunza aina moja miaka mingi bila kuharibika, mradi aipande mita chache kutoka aina nyingine na kuongeza nafasi hiyo pale nyuki wanapokuwa wengi. Hali ni tofauti kabisa kwa Phaseolus coccineus, jamii ya maharage ambayo kwa kawaida huwa na maua mekundu na hutegemea wadudu kuchavushwa. Hayo yanahitaji utengano mkubwa zaidi.

Mimea ya mbegu ichaguliwe shambani ingali mibichi, wala si baada ya kupura, kwa sababu chule (ugonjwa wa ukungu), magonjwa ya bakteria na virusi vya mozaiki husafiri ndani ya punje zinazoweza kuonekana safi. Kuchagua punje kubwa tu ndani ya aina iliyokwisha kutulia, yaani isiyobadilika tena kizazi hadi kizazi, hakuiboreshi: mwaka 1903 Wilhelm Johannsen wa Denmark alionyesha, kwa kutumia maharage, kwamba ndani ya ukoo safi, yaani uzao wa mmea mmoja unaojichavusha, punje kubwa na ndogo huzaa uzao wenye wastani uleule wa uzito. Mabadiliko ya kweli huanzia kwenye uchavushaji mtambuka, yaani kuchavusha ua la aina moja kwa chavua ya aina nyingine.

Ili kuchavusha kwa mkono, chagua kitumba kilichovimba kinachotarajiwa kufunguka kesho yake, fungua petali zake taratibu kwa kibanio chenye ncha nyembamba, ondoa stameni (vijiti vinavyobeba chavua) zote 10 kabla hazijamwaga chavua, kisha pakaza kwenye stigma chavua ya ua la baba lililofunguka karibuni. Rudisha petali mahali pake na ufunge uzi wa rangi. Maua mengi yatapukutika, kwa hiyo chavusha mengi. Ni busara mama awe wa aina fupi na baba wa aina inayopanda nguzo, kwa kuwa tabia ya kupanda huitawala ile ya ufupi: mche ukitokea mfupi, utajua kwamba ua lilijichavusha na kazi haikufanikiwa.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Ngozi ya punje ni sehemu ya mmea mama, wala haitokani na kiinitete kilichomo ndani, hivyo punje utakazovuna kwenye ganda ulilochavusha zitafanana na za mama hata kama ni chotara halisi, yaani uzao wa aina mbili tofauti. Ukizipanda, punje zote za mmea mmoja chotara zitakuwa na rangi moja, pengine ngeni kwa wazazi wote wawili. Ni katika mavuno ya msimu unaofuata ndipo kila mmea utatoa rangi yake, na shamba litaonekana limejaa aina mpya. Usizichanganye. Vuna kila mmea peke yake, weka kila uzao katika bahasha yenye namba, na uandike mama, baba, mwaka na kizazi. Kwa kila kizazi cha kujichavusha, sehemu ya jeni ambazo nakala zake mbili, ya mama na ya baba, hazifanani hupungua kwa nusu, hata kufikia kizazi cha sita (chotara akihesabiwa wa kwanza) ikabaki takriban asilimia 3.

Kabla ya hapo namba inatosha badala ya jina. Ukiita uzao wa kizazi cha tatu kwa jina zuri na kuugawa, kila atakayeupanda atakuwa na maharage tofauti chini ya jina hilohilo, na baada ya hapo ni vigumu sana kurekebisha. Aina ikishatulia, hakikisha kwamba jina unalotaka halijatumika kwa maharage mengine. Lakini ikiwa maharage yalikuja kwako yakiwa na jina la waliokuwa wakiyalima, libakize. Mwaka 1999 Marekani ilitoa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) kwa maharage ya njano yaliyoitwa Enola, yaliyotokana na mbegu zilizonunuliwa Mexico; CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha tropiki, kiliipinga, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikathibitisha kufutwa kwake. Unapompa mwenzako mbegu, mpe pia nakala ya maandishi yaliyo kwenye bahasha, na ubaki na akiba ya punje zilizokaushwa vizuri, ambazo zikigandishwa kwa wiki moja hivi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hazitabunguliwa na wadudu waliojificha ndani.