Kabla ya kuomba hifadhi Lithuania: mambo ya kuzingatia

Lithuania ilitangaza uhuru wake kutoka Muungano wa Kisovieti mwezi Machi 1990, na ikajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1997. Mfumo wake wa hifadhi bado ni mchanga. Tangu 2021, watu wa Iraki, Siria, Kamerun na Kongo walipoanza kuingia kwa wingi wakitokea Belarusi, sheria zimebadilishwa mara kwa mara, na nyingi zimezidi kubana. Anayewaza kwenda huko, au mwenye ndugu aliye njiani, ajipange mapema.

Kubwa kuliko yote ni ombi lako kuwa na ushahidi wa maandishi tangu unapokutana na ofisa wa kwanza. Mwaka 2017 familia moja ya Wachecheni (watu wa Chechnya, nchini Urusi), wazazi na watoto watano, ilifika kwenye mpaka wa Lithuania mara tatu ikitokea Belarusi. Mara zote tatu ilirudishwa, na baadaye serikali ikadai kwamba haikuwa imeomba hifadhi. Kilichowasaidia ni kwamba kwenye fomu za kukataliwa kuingia, pale pa kuweka saini, walikuwa wameandika "azul", neno ambalo Wachecheni wengi hulitumia wakiomba hifadhi. Desemba 2018 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo andaa karatasi ukiwa bado nyumbani: jina lako, na sentensi moja, "Naomba hifadhi", kwa Kiingereza na kwa Kilithuania (Prašau prieglobsčio). Ukifika, ongeza tarehe, ipige picha, mtumie mtu unayemwamini, ndipo umkabidhi ofisa. Ukiletewa fomu usiyoielewa, andika maneno hayohayo juu yake.

Usivuke mpaka wa Belarusi kwa kupita msituni. Walinzi wamekuwa wakiwarudisha watu Belarusi tangu Agosti 2021, na mwaka 2023 bunge lilihalalisha jambo hilo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishasema Juni 2022 kwamba kumnyima mtu nafasi ya kuomba hifadhi kwa sababu tu ameingia bila kibali ni kinyume cha sheria za Umoja huo, lakini hukumu haimfikii mtu aliyekwama usiku wa baridi kali kati ya walinzi wa nchi mbili. Wapo waliokatwa miguu kwa kuganda. Anayekuuzia njia hiyo hakutakii mema. Uliza pia ni kituo gani cha mpaka kiko wazi, maana hufungwa na kufunguliwa kwa amri ya serikali.

Kuhusu mahojiano, panga matukio yako kwa mfuatano: lini, wapi, nani alikutisha, kwa nini hukuweza kuhamia mkoa mwingine. Tarehe usiyoikumbuka usiibuni, sema hukumbuki. Omba mkalimani wa lugha unayoimudu kweli. Mtu wa Goma au Bukavu anaweza kudhaniwa kuwa Kifaransa kinamtosha, kumbe mambo mazito huyasema kwa Kiswahili tu. Hapo asione haya kukataa kuendelea, kwa sababu kosa la tafsiri huja kusomwa kama uongo.

Jiandae kwa maisha ya kituoni. Pabradė, kituo kikuu, kiko kwenye kambi ya zamani ya jeshi la Kisovieti, na mwaka 2021 hata jela ya zamani ya Kybartai ilitumika kuwaweka wahamiaji, wengine kwa miezi mingi. Beba dawa zako pamoja na cheti cha daktari, nguo nzito, na namba za simu ulizozishika kichwani.

Wengi hupanga kuendelea hadi Ujerumani. Wajue kwamba alama za vidole huchukuliwa (hadi Juni 2026 kwa kila mwenye umri wa miaka 14 na zaidi, na kuanzia hapo kwa kila mwenye miaka 6 na zaidi), zikaingizwa kwenye mfumo wa pamoja wa Ulaya unaoonyesha ulisajiliwa wapi kwanza, hivyo Ujerumani inaweza kukurudisha Lithuania.

Idara ya Uhamiaji ikikukatalia, muda wa rufaa ni mfupi mno: kwa kawaida umekuwa siku 14, na kesi za haraka hupewa siku pungufu ya hizo. Omba wakili wa kukutetea anayelipwa na serikali siku hiyohiyo. Msalaba Mwekundu wa Lithuania nao hutoa ushauri wa kisheria. Na kwenye uamuzi wenyewe andika tarehe uliyokabidhiwa, maana siku zako zinahesabiwa kuanzia hapo.