Kaa wameisha, viungo vimebaki: namna ya kuvitumia kila siku

Sufuria la karamu ya kaa na kamba huingia maji lita kumi na zaidi pamoja na viungo vya kuchemshia, na watu wakishakula, yale maji yote yanamwagwa. Shika neno hilo, yanamwagwa, maana ndilo linaloeleza karibu kila kosa linalotokea viungo hivyo vikihamia kwenye mapishi ya kila siku. Vimetengenezwa vikiwa vikali na vyenye chumvi nyingi kwa sababu ni sehemu ndogo tu inayopenya gamba na kuifikia nyama. Kwenye chungu chako cha maharage hakimwagwi kitu. Chumvi yote uliyotia utaila.

Mimi nilijifunza hilo kwa maharage hayohayo. Nilitia vijiko viwili vikubwa vya unga wa viungo hivyo mwanzoni, maji yakiwa tele, nikaonja, nikaona pako sawa. Saa moja na nusu baadaye maji yalikuwa yamepungua nusu na mchuzi haulambiki kwa chumvi. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu ufuatao, na kopo langu la viungo halikai tena kabatini likisubiri kaa.

Hatua ya 1: Jua una viungo vya namna gani

Viko vya namna tatu, na havitumiki sawa.

Vya kwanza ni viungo vizima ndani ya kifuko, kama vile vya Zatarain's, kampuni iliyoanza New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, mwaka 1889. Ukikifungua kifuko utakuta mbegu za haradali, giligilani, shibiti, vipande vya pilipili kali, majani ya bay, karafuu, na pilipili ya Jamaika, zile punje za kahawia zinazonukia kama karafuu na mdalasini kwa pamoja. Hivi vinafaa kwa chakula kinachochemka muda mrefu.

Vya pili ni unga. Hapa Old Bay ndiyo maarufu zaidi. Aliibuni Gustav Brunn, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, akaanza kuiuza Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1939. Watu wa Maryland kwa desturi hawachemshi kaa wao ndani ya maji. Huwapika kwa mvuke na kuwanyunyizia unga juu ya gamba, kisha mlaji anauonja vidoleni kila anapovunja kaa. Ndiyo maana naupenda kwa matumizi ya nyumbani, kwani umezoea kugusa ulimi moja kwa moja. Unga wa kuchemshia wa mtindo wa Louisiana ni mwingine. Huo aghalabu ni chumvi kwanza, viungo baadaye.

Vya tatu ni vile vya maji, mafuta ya viungo yaliyokolezwa kwenye chupa ndogo. Tumia kwa matone, tena ndani ya chakula chenye mchuzi mwingi. Kama unaanza, viache kwanza.

Hatua ya 2: Onja chumvi kabla ya lolote

Chemsha kipande cha kiazi bila chumvi, kikate, nyunyiza unga kidogo juu yake, ule. Kiazi kitakwambia ukweli wote: chumvi ni kiasi gani, ukali unakuja mapema au unachelewa, karafuu inatawala au imejificha. Tangu hapo uhesabu unga huo kuwa ndiyo chumvi yako. Usitie chumvi nyingine mpaka chakula kimeiva na umekionja.

Hatua ya 3: Au saga unga wako, usio na chumvi

Hii ndiyo njia ninayoitetea kuliko zote, kwa sababu chumvi na harufu unavitia kila kimoja kwa kipimo chake. Kipimo changu ni hiki:

- paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), vijiko 2 vya chakula
- mbegu za seleri, kijiko 1 cha chakula
- pilipili manga, kijiko 1 cha chai
- haradali ya unga, kijiko 1 cha chai
- tangawizi ya unga, nusu kijiko cha chai
- pilipili kali ya unga, nusu kijiko cha chai
- majani ya bay makavu, 3
- pilipili ya Jamaika, punje 5
- karafuu, 3

Majani, punje na mbegu visage kwanza, kisha uchunge. Usiruke kuchunga. Jani la bay hata likisagwa huacha vijiti vigumu vyenye ncha, na haviivi. Karafuu nazo zihesabu moja moja. Ya nne itaonekana ndogo mkononi, lakini ndani ya unga itafunika harufu ya seleri, na seleri ndiyo inayoupa mchanganyiko huu sura yake. Weka kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko.

Ukipikia wageni, waulize kwanza kuhusu mzio. Seleri na haradali zote zimo katika orodha ya vyakula 14 ambavyo Umoja wa Ulaya unataka vitajwe waziwazi kwa ajili ya wenye mzio.

Hatua ya 4: Pitisha kwenye mafuta

Ukali wa pilipili, yaani kapsaisini, hauyeyuki vizuri kwenye maji ila unayeyuka kwenye mafuta. Hali ni hiyo pia kwa rangi ya paprika. Yeyusha siagi kijiko kimoja kwa moto mdogo, tia nusu kijiko cha chai cha unga, koroga ukihesabu hadi thelathini. Utaona siagi inageuka rangi ya machungwa na harufu inabadilika, ile ya vumbi inaondoka, inakuja ya kiungo kilichoamka. Epua hapohapo. Paprika ina sukari yake ya asili, na moto ukizidi inakuwa chungu, wala huwezi kuirudisha.

Hatua ya 5: Anza na viazi

Chukua nusu kilo ya viazi vidogo, vichemshe mpaka kisu kipite, mwaga maji, virudishe sufuriani bila kifuniko dakika mbili mpaka ngozi ikauke. Viponde kidogo kwa kiganja cha mwiko, vipasuke tu. Mimina siagi yako ya hatua ya 4, kisha kamulia nusu limau. Mipasuko ile ndiyo inayokamata viungo. Kiazi kizima kinateleza na ladha inabaki chini ya sahani.

Mayai ya kukaanga ni rahisi zaidi: robo kijiko cha chai, mwishoni, moto umeshazimwa. Kuku wa kuoka mpake usiku, unga na mafuta pamoja, ukipenyeza chini ya ngozi. Bisi zinyunyizie zikiwa bado na joto na siagi, la sivyo unga haugandi.

Kwa maharage tumia vile vizima. Funga kijiko kimoja cha chakula ndani ya kitambaa chepesi, tia chunguni, kitoe baada ya dakika arobaini. Kikibaki zaidi ya hapo, karafuu na bay huanza kuacha uchungu. Chumvi mwisho kabisa. Wali nao unapenda njia hii, ila jani moja la bay na punje chache za giligilani zinatosha. Haradali nyingi kwenye wali siipendi.

Ukiona unavitumia mara kwa mara, changanya gramu 100 za siagi laini na vijiko viwili vya chai vya unga usio na chumvi, viringisha kwenye karatasi ya kuokea, weka kwenye friji. Kata kipande juu ya hindi la moto, ulizungushe mpaka kiyeyuke chote.