Namna ya Kufuatilia Unyevu wa Mvua ya Dodoma hadi Unakotoka

Anayetaka kujua unyevu wa mvua ya Dodoma umetoka wapi asianze na wingu, bali na upepo, kwa sababu wingu hujengeka na kutoweka ndani ya saa chache, ilhali mvuke unaolilisha huenda umesafiri siku kadhaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, nazo kwa kawaida ni takriban milimita 600 tu kwa mwaka. Mwenye shamba la uwele au mizabibu ana kila sababu ya kujua zinakotoka.

Fungua ramani ya upepo mtandaoni na uchague kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Usichague kimo cha chini zaidi, kwani mji wenyewe umekaa kwenye mita zipatazo 1,100. Weka kidole Dodoma, kisha rudi nyuma kule upepo unakotoka. Upepo wa kilomita 30 kwa saa hukata kilomita 720 kwa siku, hivyo hewa iliyopita juu ya Dar es Salaam jana inaweza kuwa hapa leo. Kidole kikiishia kaskazini-mashariki, huo ni upepo wa kaskazi, na unyevu wake umetoka Bahari ya Hindi. Kikielekea magharibi kupitia Tabora na Kigoma, unyevu umetoka bonde la Kongo, ambako misitu hurudisha hewani maji ya mvua iliyokwisha kunyesha. Njia hii ya pili husahaulika mno, ingawa siku za upepo wa magharibi mara nyingi huwa na mvua nyingi kuliko kawaida.

Kisha tazama kama kuna kimbunga baharini, kwa kuwa msimu wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huenda sambamba na mvua zetu. Kimbunga huhitaji maji yenye joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvua yake haitokani na maji yaliyo chini yake, bali na mvuke unaovutwa kutoka eneo pana la bahari linalokizunguka. Mvuke huo unapogeuka matone huachia joto lililotumika kuugeuza maji kuwa mvuke, na joto hilo ndilo linalokipa kimbunga nguvu. Kusini mwa ikweta, kimbunga huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kwa hiyo upande wake wa kaskazini upepo huvuma kutoka magharibi. Ndiyo maana kimbunga kilicho mashariki mwa Madagaska kinaweza kuivuta hewa ya Kongo ipite juu yetu bila chenyewe kukaribia pwani ya Tanzania. Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kimbunga ni neema: Idai, kilichoipiga Msumbiji Machi 2019, kiliambatana na kuchelewa kwa masika katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki.

Mwisho, pima hewa ya nyumbani. Toa chupa ya maji kwenye jokofu, ipanguse, uiweke mezani kivulini. Julai, wakati wa kusi kavu, chupa hupata ukungu mwembamba unaokauka upesi. Januari, matone huungana, hutiririka hadi kitakoni na kuacha duara la maji mezani. Chupa ikitiririka na ramani ikionyesha upepo wa magharibi, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuanika nafaka. Upepo ukitoka baharini lakini chupa ikabaki karibu kavu, huenda unyevu umeishia njiani, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru na Nguru.