Bastola ya Babu: namna ya kuokoa kumbukumbu ya vita iliyomo nyumbani

Kwetu Mtama, mkoani Lindi, kila mtu alijua kwamba Mjomba ana "bastola ya Mjerumani". Vita vya Mahiwa vya Oktoba 1917, kati ya Wajerumani na Waingereza, vilipiganwa jirani na kwetu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Alipofariki tulifungua sanduku lake la bati, na chini ya kanzu zake tukaikuta kweli, imejaa kutu, iko nusu ndani ya mfuko wa turubai. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Kusini wenye sanduku kama hilo.

Anza na silaha yenyewe. Watoe watoto chumbani, na wewe usiishike. Usijaribu kuifungua uone kama ina risasi, maana risasi ya miaka themanini bado inaweza kulipuka. Sisi tuliiacha pale pale, tukamwita mwenyekiti wa kijiji, naye akawapigia polisi simu waje kuichukua. Usiipakie kwenye bodaboda uipeleke kituoni mwenyewe. Ukisimamishwa njiani utajieleza vipi? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na urithi si leseni. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Ukisikia tangazo, usingoje. Omba pia uandikiwe hati ya makabidhiano. Najua inauma. Kaka yangu alitaka tuifukie chini ya mkorosho ili ibaki nyumbani, nikamkatalia: mkorosho unapaliliwa kila mwaka, na siku moja jembe la mtoto lingeigonga.

Kabla haijaondoka, piga picha. Upande wa juu tuliupiga ikiwa sandukuni, na askari alipoigeuza tukamwomba asubiri kidogo tupige upande wa pili. Picha hizo ndizo zilizotuumbua. Bastola ya Kijerumani ya enzi ile, ile P08 inayoitwa Luger, risasi zake hukaa ndani ya mpini. Yetu ilikuwa na ngoma ya kuzunguka yenye matundu sita, na ubavuni imegongwa ENFIELD, No 2, na mwaka 1940. Palikuwa pia na kimshale kidogo, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Kitu cha 1940 hakiwezi kuwa kilitumika vitani Mahiwa. Hadithi tuliyokua nayo ikaanguka mchana ule ule.

Sasa ilikuwa ya nani? Hapa watu wengi wa kwetu hukosea njia, wanakwenda kuwauliza watoto wa marehemu. Kwetu Wamwera, kama kwa Wamakonde na Wayao, mali za zamani zilishuka upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kwa hiyo fuata dada zake na watoto wao. Nilipofuata njia hiyo nilifika kwa Babu, mjomba wake Mjomba, aliyechukuliwa Keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na kupelekwa Bama (Burma, sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia.

Mzee usimwendee na maswali ya vita. Nilikwenda kwa Bibi, mdogo wake Babu, na ming'oko ya kuchemsha, nikauliza Babu aliporudi alikuwa anapenda kula nini. Akacheka, kisha akasema mwenyewe: mvua kubwa ikinyesha, kaka yake alikuwa halali, anakaa mlangoni mpaka kunakucha. Nilipoisoma baadaye habari ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyosonga bonde la Kabaw, Bama, mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, na kufika Kalewa mwezi wa Desemba, nililia. Rekodi kwa simu, ukiomba ruhusa kwanza. Uliza nyimbo, uliza majina ya wenzake, uliza kama kuna cheti cha kuachishwa jeshi, kwa sababu namba ya askari iko humo. Nyota ya Bama, medali ile ya shaba yenye ncha sita na utepe wa buluu, nyekundu na rangi ya chungwa, mara nyingi haina jina, kwa hiyo bila cheti haitakuambia ni ya nani. Kama ndugu yenu hakurudi na kaburi lake halijulikani, jina lake litafute kwenye orodha ya Mnara wa kumbukumbu wa Rangoon ulioko Taukkyan, huko Bama. Askari wa Afrika Mashariki wamo.

Vilivyobaki vitunze hivi. Turubai usilifue, kwani mhuri wa wino ulio ndani ya kifuniko utaondoka na sabuni. Lipige brashi laini tu. Shaba usiisugue kwa limau na majivu kama tunavyosugua sinia. Medali ikishang'aa namna hiyo maandishi yake yamelika. Ngozi usiipake mafuta ya nazi, yanachacha na kuita ukungu. Mfuko wa nailoni ndio mbaya kuliko vyote, hasa kwa joto letu la pwani. Funga kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa kikatoka wanga, weka sandukuni, na sanduku lipandishe juu ya matofali mchwa wasilifikie. Karatasi usizipeleke kufunikwa plastiki ya moto. Zipige picha, uzirudishe.

Mwisho andika kibandiko kwa penseli, pembeni, si juu ya kitu chenyewe. Changu kinasomeka: "Mfuko wa bastola, turubai. Ulikuwa wa Babu, Keya, Bama. Ukashuka kwa Mjomba. Amesema Bibi." Chini yake nimeacha mstari mtupu, wa jinsi askari wa kawaida alivyoipata silaha ya afisa. Yuko mzee mmoja Nyangao ambaye baba yake alikwenda Bama pamoja na Babu. Korosho zikishauzwa, nitamfuata.