Somo: Mpunga wa Mlimani Huanza na Udongo

Mkulima wa mpunga katika miteremko ya Uluguru, mkoani Morogoro, hutegemea mvua peke yake, na mvua hiyohiyo inayootesha mpunga ndiyo inayobeba udongo wa juu na kuutia mtoni. Mbegu bora na mbolea hufuata baadaye. Kwanza zuia udongo.

Hatua ya kwanza ni kupima kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko. Funga miti miwili ya mita 2 iwe umbo la A, iunganishe kwa ufito katikati, kisha ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Weka alama pale kamba inapogusa ufito, badilisha nafasi za miguu, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Pita ukivuka mteremko, na kila kamba inapotulia hapo, piga kigingi kwenye miguu.

Hatua ya pili, chimba mtaro kufuata vigingi, kina cha sentimita 60, ukitupa udongo upande wa juu. Ndiyo maana matuta haya huitwa fanya juu. Pandikiza majani ya guatemala juu ya tuta yashike udongo na kulisha mifugo. Mteremko ukizidi ukali, matuta yakaribiane. Usifukue udongo wa chini ukautandaza shambani: mwaka 1955 Waluguru walipoyapinga matuta ya ngazi ya serikali ya kikoloni, hoja yao ya kilimo ilikuwa na uzito, kwani kazi hiyo ilifunua udongo usio na rutuba.

Hatua ya tatu, usichome mabaki. Yalaze kufuata kontua. Mvua zikishakolea, panda kwa mistari iliyoachana sentimita 30, mbegu nne au tano kila shimo. Palilia baada ya wiki mbili au tatu, ndipo uweke mbolea ya urea udongo ukiwa na unyevu, uifukie.

Swali: Sehemu yangu ya juu ni kali mno. Je, nipande tu?
Jibu: Hapana. Hapo panda migomba au miti ya matunda.

Swali: Gugu la kiduha limenivamia, na mbolea haisaidii.
Jibu: Kiduha hunyonya mizizi ya mpunga, na mbegu zake, ndogo mithili ya vumbi, hukaa ardhini miaka mingi. King'oe kabla hakijatoa mbegu, na msimu ujao panda marejea, mmea wa jamii ya mikunde, badala ya mpunga, kisha uyafukie yakiwa mabichi. Ukirudia mpunga, jaribu NERICA 1, ambayo hukihimili kuliko aina nyingi za kienyeji.