Kabla ya Kupanda Kwenda Kuishi Kijijini Toraja

Kabla hujauliza nauli, muulize mwenyeji wako kama kuna marehemu ndani ya nyumba, na mazishi yake yamepangwa mwezi gani. Kwetu swali hilo lingeonekana la uchuro. Toraja, kwenye milima ya Sulawesi Kusini nchini Indonesia, ni swali la ratiba tu. Mtu akifariki, familia inaweza kukaa naye miezi, hata miaka, huku ikikusanya nyati, nguruwe na ndugu walio mbali. Muda wote huo anaitwa to makula', yaani mgonjwa. Mara nyingi amelazwa chumba cha nyuma, hupelekewa chakula na kahawa, na mgeni hukaribishwa kwenda kumsalimu. Kama moyo wako hauwezi, sema mapema kwa adabu, nao watakuelewa. Ubaya ni kukubali, ukafika mlangoni, kisha ukatoka mbio.

Jibu la swali hilo ndilo litakalopanga mengine. Mazishi makubwa, rambu solo', hufanyika zaidi Julai, Agosti na Desemba, wakati watoto wa kijiji walio Makassar, mji mkuu wa jimbo, na walio mbali zaidi Kalimantan, Papua na Malaysia wanarudi nyumbani. Ukifika miezi hiyo utakikuta kijiji kimefurika, magari yamekodiwa yote, na mwenyeji wako hana hata dakika ya kukuonyesha kisima. Ukifika Februari utakuta wazee, watoto na mvua. Mimi ningechagua Mei au Juni: kahawa inavunwa, barabara zimeanza kukauka, na watu wana nafasi ya kukaa kuongea.

Barabara isichukuliwe kijuujuu. Kutoka Makassar ni zaidi ya kilomita 300, na wengi hupanda basi la usiku linalochukua saa nane hadi kumi. Uwanja mpya wa ndege ulizinduliwa Mengkendek mwaka 2021, lakini basi bado ndilo la watu wengi. Hilo litakufikisha Makale au Rantepao, ambayo ni miji yenye benki, hospitali na maduka. Kijiji chenyewe ni habari nyingine. Ukielekea Simbuang kule magharibi, au Baruppu' kaskazini, lami huisha na safari inaendelea kwa pikipiki au gari linalosukuma magurudumu yote manne. Beba begi la mgongoni. Sanduku la magurudumu litakuaibisha. Na mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, lala mjini. Aprili 2024 maporomoko ya udongo yaliua watu wapatao 20 wilayani Tana Toraja, nyumba zao zikiwa chini ya mteremko. Kwa hiyo ukionyeshwa chumba, toka nje kwanza uangalie kilicho juu ya paa lako.

Usiku kuna baridi ya aina ya Lushoto au Limuru, basi sweta na soksi si anasa. Chukua noti ndogo ndogo za rupia ukiwa bado mjini. Mbwa ni wengi na kichaa cha mbwa kipo Sulawesi, hivyo chanjo uipate kabla ya safari, maana kutoka kijijini hadi hospitali ya Makale au Rantepao ni mwendo wa kutokwa jasho. Ukifika tu, jitambulishe kwa kiongozi wa kijiji, kepala lembang. Indonesia mgeni hutakiwa kuripoti ndani ya saa 24.

Mwislamu wa pwani atauliza: nitakula nini? Ni kweli nguruwe yuko kila mahali, na nyama yake huokwa na majani ndani ya mianzi, pa'piong. Lakini Toraja, yenye Wakristo wengi, ina familia nyingi zenye ndugu Waislamu, na kwenye shughuli kubwa ni kawaida kutenga jiko lao la kuku na samaki. Sema mapema, si sahani ikiwa imeshafika. Lugha nayo itakupokea vizuri kuliko unavyodhani. Kwa Kiindonesia habari ni kabar, riziki ni rezeki, wakati ni waktu, sabuni ni sabun, dunia ni dunia. Waarabu walipita kwetu na kwao. Kwa Kitoraja chenyewe, anza na kurre sumanga', asante.

Sasa lililo zito: mkono unaotoa. Mgeni anayealikwa mazishini huenda na sukari, kahawa au boksi la sigara, amevaa nyeusi, na husubiri aonyeshwe pa kukaa, kwa sababu hata jukwaa lililo chini ya ghala la mpunga lina viti vyake kwa heshima na ukoo. Hadi hapo uko salama. Lakini utaona wenzako wakiingia na nguruwe aliyefungwa kwenye mianzi, au nyati, tedong, na moyo utakusukuma nawe uchangie mkubwa zaidi. Ngoja kwanza. Kila mnyama hutangazwa kwa kipaza sauti na kuandikwa kwenye daftari: nani kaleta, wa ukubwa gani. Pembe za nyati hupimwa kwa urefu wa mkono. Siku mleta nyati atakapofiwa, mnyama wa kiasi kile atarudi, na kama mdaiwa amekufa, watoto wake watalipa. Ukitoa nguruwe, umeingia daftarini. Kwa mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kamati za harusi si jambo geni sana, ila michango yetu hufutika kiurahisi zaidi.

Bila kulielewa daftari hilo huwezi kuelewa kwa nini kijiji kina mashamba mazuri na vijana wachache. Mpunga wa ngazi za milimani ni wa kula, na sehemu za juu huvunwa mara moja kwa mwaka. Katikati ya jaruba utaona kidimbwi cha samaki. Kahawa ya arabika ndiyo fedha taslimu, na wengi huiuza ikiwa na ganda lake, sokoni, kwa kipimo cha lita, kama debe letu. Fedha hiyo hailingani na nyati. Kwa mila, mazishi ya tabaka la juu huhitaji nyati 24 au zaidi, na mmoja mwenye madoa meupe na meusi yanayopendwa anaweza kufika mamia ya mamilioni ya rupia. Kwa hiyo kijana akimaliza shule anaondoka, na sehemu ya mshahara wake wa Papua au Kalimantan inarudi nyumbani ikiwa na miguu minne.

Utasikia Watoraja wenyewe wakibishana: huyu anasema bei ya nyati mmoja ingetosha ada ya chuo, yule anajibu kwamba bila mazishi hakuna kitakachomrudisha mtoto nyumbani. Nadhani wote wawili wana hoja, na wa pili ana hoja kuliko wageni wanavyotaka kukiri. Kama unakwenda kufundisha, kutafiti au kuoa, basi jiandae kusikiliza ubishi huo bila kutoa hukumu. Na usimwahidi mkulima soko la kahawa ng'ambo eti kwa sababu una rafiki mwenye mgahawa. Ahadi nayo huandikwa, hata kama si kwenye karatasi.

Wewe unayewaza kununua kiwanja, liweke wazo hilo pembeni. Ardhi nyingi imefungwa kwenye tongkonan, nyumba ya ukoo yenye paa lililopinda kama mashua, na wenye sauti juu yake wametawanyika visiwa vitano. Kupanga chumba kwa mtu anayejulikana kunatosha.

Kuna na maandalizi ya kuondoka. Lipa deni la kiosk, waage wazee nyumba kwa nyumba, mwachie mwenyeji namba ya simu inayopatikana kweli. Maana mwaka wa pili au wa tatu ujumbe utaingia, saa tano mbele ya saa za Afrika Mashariki, pengine usiku wa manane kwako: yule bibi uliyekuwa ukimsalimu chumba cha nyuma anazikwa Agosti. Jua tangu sasa utawajibu nini.