Sofa ya leza, pochi na viatu vya ngozi: utunzaji na ukarabati kwa sisi wa Mtwara

Kabla hujapaka kitu chochote kwenye sofa yako inayochubuka, jua kwanza ni ngozi kweli au ni leza, yaani ngozi ya bandia, maana hapa ndo watu wengi wanapoharibu, wanapaka tu mafuta yoyote yaliyopo ndani. Kujua sio kazi. Pindua, tafuta chini au nyuma palipokatwa au mshono ulipoachia, ngozi halisi kwa ndani ina nyuzinyuzi zake yenyewe hazina mpangilio, leza kwa nyuma mara nyingi ina kitambaa kimefumwa. Kile kipimo cha kudondosha tone la maji uone kama linanyonywa usikiamini sana, ngozi nyingi za sofa zimepigwa rangi nzito juu na hazinyonyi kitu.

Af leza nazo ziko mbili. Kuna ya PVC, ile nzito ya siti za bodaboda na bajaji, ulaini wake unatokana na kilainishi kilichochanganywa kiwandani, jua na joto vinakitoa kidogo kidogo mpaka leza inakauka inapasuka. Na kuna ya PU, nyembamba, laini, ukiishika dukani unaapa ni ngozi, hii ndo inayotoa magamba. Adui yake ni unyevu pamoja na joto, vinaivunja ile tabaka ya juu hata kama hakuna mtu anayekaa, ndo maana sofa ya sebuleni kwa wageni tu nayo inabanduka. Sasa fikiria huku kwetu, bahari hii hapa, mvua kuanzia mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili mpaka wa nne, joto la kaskazi juu yake. Ukinunua sofa ya PU Mtwara jua umenunua kitu cha muda.

Na ikishaanza kubanduka niseme tu ukweli, haina dawa. Utapaka rangi, utapaka fila ile ya kuzibia nyufa, vyote vitaondoka na magamba. Hiyo hela mpe fundi avishe upya kwa PVC nzuri au kitambaa, au kama haipo kwa sasa shonea kava maisha yaendelee.

Mchaniko ni habari nyingine, huo unatengenezeka kwenye ngozi na kwenye PVC. Usishone juu ya leza kwa sindano na uzi, kila tundu la sindano unaongeza sehemu ya kuchanikia. Unachofanya unaweka kiraka kwa ndani. Kata kipande cha jinzi ya zamani kikubwa kuliko tundu, kizidi kama sentimita 2 kila upande, pembe zake ziwe za mviringo zisijikunje, kiingize kwa kibano kupitia kwenye tundu ukitandaze vizuri chini ya leza. Paka gundi kwa kijiti juu ya kiraka na chini ya kingo, kama ni ile gundi ya kusubiri basi isubiri kweli mpaka ukiigusa hainati kidoleni, ndo uvute kingo zikutane ukandamize. Weka kibao na tofali juu uache mpaka kesho. Gundi iwe ya kunyumbuka, ya viatu au ya leza. Supaglu hapana, ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na leza inapasuka pembeni yake. Na ile gundi ya mabomba, najua mtu atasema si ni PVC na hii ni PVC, hapana, ile inayeyusha leza nyembamba na ikikauka haikunjiki. Ukitaka kuficha mstari, paka fila ya kunyumbuka tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke, piga msasa laini taratibu, malizia na rangi. Alama itabaki kidogo, ila mgeni hataiona mpaka umuoneshe.

Ukungu sasa, ndo kero yenyewe ya masika, unafungua kabati mkanda mweupe, viatu vya harusi vyeupe, pochi nayo. Toa vyote nje kwanza, usifutie ndani, ule unga ni mbegu za ukungu unazisambaza tu chumbani. Brashi laini au kitambaa kikavu, af changanya spiriti ya famasi na maji nusu kwa nusu, lowanisha kitambaa kidogo ufute. Kwenye ngozi jaribu kwanza sehemu iliyojificha, spiriti inaweza kuondoka na rangi. Jiki usiguse kabisa. Anika kivulini penye upepo, jua kali linakausha ngozi inakakamaa, na jikoni karibu na mkaa ndo usiseme. Ikikauka ngozi paka krimu ya ngozi kidogo, kiwi kwa viatu. Mafuta ya kula na ya nazi achana nayo, yanachacha, yananuka na kuvuta vumbi, na kwenye leza ndo kazi bure, haiyanywi. Ukirudisha kabatini usifunge kwenye mfuko wa nailoni, funga kwa kitambaa cha pamba na uache nafasi hewa ipite. Kusi ikianza kuvuma fungua makabati yote, sogeza na makochi kutoka ukutani.

Usafi wa kawaida wa leza ni maji vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, kitambaa kikamuliwe, futa tena kwa maji matupu, kausha. Steliwaya na unga wa kusugulia hapana. Hasa pale unapoegemeza kichwa na mikono, jasho na mafuta ya nywele vinakula leza haraka kuliko matako, tandika kitambaa.

Halafu msimu wa korosho ukifika, aliyetoka kubangua asikae kwenye kochi kabla hajanawa. Yale mafuta ya ganda yanaunguza mpaka ngozi ya mtu, sofa yako ni nani. Na maji ya bibo yakidondoka futa hapo hapo, yakikauka doa halitoki.

Ukivuka kwenda Msangamkuu viatu vya ngozi vikarushiwa maji ya bahari, usiache vikauke hivyo hivyo vikatoa ile michoro myeupe ya chumvi. Futa kwa siki iliyochanganywa na maji, siki moja maji mawili, rudia kwa maji baridi, jaza magazeti ndani, kivulini.

Kwa wenye bodaboda, siti ikishapasuka na kunyeshewa usibandike kiraka juu. Sponji imekunywa maji na haikauki humo ndani, mwambie fundi avue kava lote, sponji ianikwe mpaka ikauke kabisa au ibadilishwe, ndo avishe jipya. Na ukipaki tafuta mkorosho.